Es'kia Mphahlele: Mwalimu aliyepokonywa darasa, bara zima likawa darasa lake

Mwaka 1952 ulipokuwa ukingoni, serikali ya Afrika Kusini ilimfuta kazi mwalimu mmoja wa lugha katika Shule ya Upili ya Orlando, viungani mwa jiji la Johannesburg. Haikuishia hapo. Ilimpiga marufuku asishike chaki tena katika shule za serikali nchini humo. Kosa lake lilikuwa moja tu: alisimama hadharani kupinga mpango wa kuwapa watoto Waafrika elimu duni, iliyokusudiwa kuwaandaa kuwatumikia Wazungu maisha yao yote.

Mwalimu huyo alikuwa Ezekiel Mphahlele, ambaye ulimwengu wa fasihi ulikuja kumtambua baadaye kwa jina Es'kia Mphahlele. Kufikia siku alipoaga dunia, Oktoba 27, 2008, akiwa na umri wa miaka 88, gwiji huyo wa hadithi fupi alikuwa amefundisha Lagos, Ibadan, Nairobi, Lusaka, Denver, Philadelphia na hatimaye Johannesburg, jiji lile lile lililomfukuza. Waliomfungia mlango wa darasa moja walimfungulia, pasi na kujua, milango ya bara zima.

Mphahlele alizaliwa Desemba 17, 1919 katika mtaa wa Marabastad, mjini Pretoria, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto watatu. Alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi, yeye na ndugu zake walipelekwa kuishi na nyanya yao, mzaa baba, katika kijiji cha Maupaneng, kaskazini mwa nchi. Huko alichunga mifugo milimani, akaogopa giza na mito iliyofurika, na jioni akaketi motoni pamoja na wanaume wa kijiji kusikiliza visa vyao. Wengi wa wanaomchambua huona kwamba hapo ndipo msimulizi alipozaliwa.

Maisha ya kijijini hayakuwa ya raha. Nyanya huyo alikuwa mkali, na masomo ya shambani yalikuwa ya kubahatisha. Mvulana huyo aliporudi Pretoria mnamo 1932, walimu walimwona kuwa mzito wa kuelewa. Ilimbidi ajifunze kusoma kwa kung'ang'ana, akiokota karatasi na vitabu vilivyotupwa na kuvisoma kila alipopata mwanya.

Nyumbani nako kulikuwa na tufani. Baba yake, Moses, alikuwa mlevi aliyemdhulumu mkewe. Siku moja alimjeruhi kwa chungu cha mchuzi uliokuwa ukichemka. Alikamatwa na polisi, na tangu hapo hakurejea tena katika maisha ya wanawe. Mama yao, Eva, alibaki akifanya kazi katika nyumba za Wazungu, huku watoto wakilelewa na nyanya mzaa mama pamoja na shangazi zao katika mtaa huo wa mabanda, kwenye barabara iliyoitwa Second Avenue.

Wanawake hao ndio waliomtia Mphahlele nguvu. Walifua nguo za Wazungu ili kupata karo. Walipika pombe kisiri na kuizika ardhini, polisi walipovamia usiku wasiipate. Kila wiki mvulana huyo alitumwa katika mitaa ya Wazungu kuchukua nguo chafu na kurudisha zilizopigwa pasi. Katika safari hizo alijionea kwa macho yake nchi mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu bila kusalimiana.

Jasho la mama yake lilimpeleka hadi Shule ya Upili ya St Peter's, Johannesburg, mnamo 1935, ambako alisoma na Peter Abrahams, aliyekuja pia kuwa mwandishi mtajika. Kutoka hapo alijiunga na Chuo cha Adams katika jimbo la Natal, akahitimu ualimu mwaka 1940. Kwa miaka kadhaa alifanya kazi ya ukarani na ualimu katika taasisi ya wasioona ya Ezenzeleni, huku akijisomea kwa njia ya posta hadi akapita mtihani wa kuingia chuo kikuu.

Mwaka 1945 ulikuwa wa heri kwake. Alimwoa Rebecca Mochadibane, mwanamke ambaye angetembea naye katika kila nchi ya uhamishoni, na pia akaanza kufundisha Kiingereza na Kiafrikana katika Shule ya Upili ya Orlando. Mwaka uliofuata, 1946, alichapisha mkusanyiko wake wa kwanza wa hadithi fupi, Man Must Live. Hadithi iliyoupa mkusanyiko huo jina inamhusu askari wa reli ambaye imani yake pekee ni kwamba binadamu sharti aishi, liwe liwalo, na ambaye imani hiyo humfikisha kwenye maangamizi.

Mphahlele mwenyewe alikuja kuzikosoa vikali hadithi hizo. Aliona kwamba alikuwa amewachora watu wa mitaani wakiishi kana kwamba hawakutawaliwa na mtu, kwamba alikuwa ameikwepa siasa iliyoyabana maisha yao. Lakini siasa hiyo haikumkwepa yeye.

Chama cha Makaburu kilitwaa mamlaka mwaka 1948 na kuanza kuujenga mfumo wa ubaguzi wa rangi kwa sheria. Tume iliyoongozwa na W. W. M. Eiselen ilipendekeza mnamo 1951 kwamba Waafrika wawe na elimu yao ya pekee, chini ya serikali. Mphahlele, aliyekuwa kiongozi katika chama cha walimu wa jimbo la Transvaal, pamoja na wenzake Zeph Mothopeng na Isaac Matlare, waliuona mtego huo mapema na kuanza kuwazindua wazazi. Wote watatu walifutwa kazi. Mwaka 1953 sheria ya elimu ya Kibantu ilipitishwa.

Kwa mtu aliyekuwa amejisomea usiku kwa mwanga hafifu hadi akapata shahada ya kwanza mwaka 1949, hilo lilikuwa pigo zito. Alihangaika na vibarua, akavuka mpaka kufundisha kwa muda Basutoland, nchi ambayo leo ni Lesotho, kisha akarudi na kuajiriwa mwaka 1955 katika jarida la Drum mjini Johannesburg.

Drum lilikuwa jukwaa la vijana wenye kalamu kali: Can Themba, Henry Nxumalo, Todd Matshikiza, Bloke Modisane, Lewis Nkosi na Nat Nakasa. Waliandika kwa kasi na kwa mzaha uliofunika machungu. Mphahlele aliripoti siasa na kusimamia ukurasa wa hadithi fupi. Ni katika jarida hilo ambapo alichapisha msururu wa hadithi kuhusu familia ya Lesane, watu wa kawaida katika mtaa wa kawaida, wakigombana, wakipendana na kukwepa polisi.

Hata hivyo, moyo wake haukuwa katika uanahabari. Aliuona kama kituo cha muda tu. Alichokitaka kilikuwa darasa. Wakati huo huo aliendelea na masomo, na mnamo 1957 alitunukiwa shahada ya uzamili na Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kwa utafiti kuhusu jinsi watu wasio Wazungu walivyosawiriwa katika riwaya za Kiingereza nchini humo. Alikuwa na shahada ya juu katika nchi ambayo haikumruhusu kufundisha hata darasa la chini.

Yafaa kutua hapa kidogo na kuuliza ni kwa nini Mphahlele na wenzake waliipendelea hadithi fupi. Jibu alilolitoa yeye katika maandishi yake ya uhakiki ni la kimaisha kuliko la kisanaa. Riwaya huhitaji utulivu, chumba na muda. Mtu anayelala kwenye nyumba iliyojaa jamaa, anayeamka alfajiri kuwahi treni iliyofurika, anayesimamishwa njiani kuonyesha pasi, mfano wa kipande walichofungwa nacho Wakenya enzi za mkoloni, hana muda huo. Hadithi fupi ilikuwa njia ya mkato ya kulitoa dukuduku kifuani.

Mfano mzuri ni hadithi yake The Suitcase. Mwanamume asiye na kazi anaiona sanduku iliyoachwa na abiria ndani ya basi siku ya mkesha wa Mwaka Mpya. Umaskini unamshawishi adai kuwa ni yake. Polisi wanapoifungua, wanakuta maiti ya mtoto mchanga. Katika kurasa chache tu msomaji anapata mtaa mzima: njaa, tamaa, sheria na kilio cha mama asiyeonekana.

Septemba 1957, baada ya kuhangaishwa kuhusu pasipoti, Mphahlele aliondoka kwao kuelekea Nigeria. Alikuwa na umri wa miaka 37. Hakujua kwamba miaka 20 ingepita kabla hajarudi kuishi katika ardhi hiyo.

Nigeria ilimpokea kwa mikono miwili. Alifundisha katika shule ya upili mjini Lagos, kisha katika Chuo Kikuu cha Ibadan, akiwafuata wanafunzi watu wazima katika miji mbalimbali. Kwa mara ya kwanza alitembea barabarani bila kuulizwa pasi. Mwaka 1959 tawasifu yake, Down Second Avenue, ilichapishwa mjini London. Kitabu hicho, kinachosimulia maisha yake kutoka Maupaneng na Marabastad hadi uhamishoni, kilitafsiriwa kwa lugha kadhaa na hadi leo huhesabiwa miongoni mwa tawasifu bora zaidi kuwahi kuandikwa barani Afrika.

Akiwa Ibadan alishirikiana na Ulli Beier, Wole Soyinka, Chinua Achebe, Christopher Okigbo na wengine kuanzisha klabu ya waandishi na wasanii ya Mbari mwaka 1961. Alikuwa pia mmoja wa wahariri wa Black Orpheus, jarida lililowapa waandishi chipukizi wa Afrika nafasi ya kwanza ya kusomwa nje ya nchi zao.

Mwaka huo wa 1961 alihamia Paris kuongoza idara ya Afrika katika shirika la kimataifa lililojulikana kama Congress for Cultural Freedom. Ni kupitia wadhifa huo ambapo aliandaa mkutano ambao haujasahaulika hadi leo: kongamano la waandishi wa Afrika wanaotumia Kiingereza, lililofanyika katika Chuo cha Makerere, Kampala, mwezi Juni 1962.

Achebe, Soyinka na Okigbo walikuwapo. Kutoka Kenya alikuwapo Grace Ogot, ambaye hadithi yake ilichapishwa mwaka uliofuata katika Black Orpheus. Alikuwapo pia mwanafunzi wa Makerere aliyeitwa James Ngugi, aliyempa Achebe mswada wake ausome. Ulimwengu ulikuja kumjua mwanafunzi huyo kama Ngũgĩ wa Thiong'o.

Lakini kongamano hilo lilikuwa na pengo ambalo msomaji wa Kiswahili hawezi kulipuuza. Waandishi wa lugha za Kiafrika hawakualikwa. Shaaban Robert, mshairi na mwandishi mkubwa wa Kiswahili, aliaga dunia mwezi huo huo, pasipo jina lake kuwa na nafasi katika mjadala wa fasihi ya Afrika uliofanyika nchi jirani. Mwaka 1963 mhakiki wa Nigeria, Obi Wali, aliandika katika jarida la Transition kwamba fasihi ya Afrika katika lugha za kigeni ilikuwa imeingia njia isiyotokea. Mphahlele alikuwa miongoni mwa waliomjibu kuitetea haki ya mwandishi kutumia Kiingereza. Miaka mingi baadaye Ngũgĩ aliurejelea mkutano huo kama kielelezo cha tatizo lenyewe.

Msimamo huo wa Mphahlele ulitokana na historia yake. Lugha yake ya mama ilikuwa Kisotho cha Kaskazini, lakini serikali ya Makaburu ilikuwa ikizitumia lugha za Kiafrika kama kuta za kuwatenganisha Waafrika na kuwafungia katika elimu duni. Kwake na kwa kizazi chake, Kiingereza kilikuwa dirisha la kutazama nje. Anayemhukumu sharti akumbuke kwamba lugha ile ile yaweza kuwa pingu Nairobi na ufunguo Orlando.

Agosti 1963, miezi minne kabla ya Kenya kupata uhuru, Mphahlele alihamia Nairobi pamoja na familia yake. Alianzisha kituo cha utamaduni alichokiita kwa neno la Kiswahili: Chemchemi. Jina hilo lilibeba nia yake. Alitaka pawe mahali ambapo waandishi, wachoraji, waigizaji na wanamuziki wa Afrika Mashariki wangechota na wengine waje kuchota kutoka kwao.

Chemchemi iliendesha warsha za uandishi, maonyesho ya sanaa na michezo ya kuigiza. Kwa vijana wa Nairobi wa wakati huo, ambao walikuwa wamezoea kuona jukwaa na kumbi za sanaa zikitawaliwa na Wazungu, lilikuwa jambo geni kukuta kituo kinachoongozwa na Mwafrika, ambapo hadithi ya kijana wa kijijini ilisomwa na kujadiliwa kwa makini.

Aliiongoza Chemchemi hadi 1965, kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kituo chenyewe hakikudumu muda mrefu baada yake. Hata hivyo, Nairobi ilibaki katika kazi zake kwa njia mbili. Shirika la uchapishaji la East African Publishing House la jijini humo ndilo lililochapisha mkusanyiko wake mashuhuri zaidi wa hadithi fupi, In Corner B, mwaka 1967. Pia, katika riwaya yake The Wanderers, iliyochapishwa mwaka 1971, nchi ya kubuni ya Lao-Kiku haimpi msomaji taabu kuitambua kuwa ni Kenya.

In Corner B ndicho kitabu kinachomwonyesha Mphahlele akiwa amekomaa. Hadithi iliyokipa jina inamhusu mjane anayeketi chumbani wakati wa matanga, mumewe akiwa ameuawa na wahuni, huku waombolezaji wakila, wakinywa na kugombana, na yeye akikumbuka penzi na usaliti wa ndoa yake. Hakuna Mzungu anayehubiriwa wala hotuba inayotolewa. Kuna watu tu, na utu wao.

Iliyo ndefu na maarufu kuliko zote katika mkusanyiko huo ni Mrs Plum. Msimulizi wake, Karabo, ni mtumishi wa nyumbani katika mtaa wa Wazungu wa Johannesburg. Mwajiri wake, Bi Plum, ni mwanamke anayejiona rafiki wa Waafrika. Huandika vitabu kuhusu jinsi ya kuwatawala kwa upendo, na hata hukubali kufungwa jela kwa kuwarushia polisi maji. Hata hivyo mbwa wake hulala pazuri kuliko watu wengi weusi. Karabo anajifunza taratibu kutofautisha huruma na haki. Mwishoni ni yeye anayeweka masharti ya kurudi kazini. Mphahlele, mwana wa mtumishi wa nyumbani, hakuhitaji kubuni mengi.

Wakati In Corner B kikitoka, doa moja liliingia katika simulizi ya maisha yake. Kati ya 1966 na 1967 ilifichuka kwamba shirika alilolifanyia kazi Paris, ambalo pia lilisaidia Mbari na Chemchemi, lilikuwa likifadhiliwa kisiri na shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Mphahlele alijitetea hadharani. Alishikilia kwamba Waafrika ndio walioamua la kufanya na fedha hizo, na kwamba hakuna aliyewaamuru cha kuandika. Wapo waliomwamini na wapo waliobaki na shaka. Kilicho wazi ni kwamba vitabu na waandishi waliotokana na vituo hivyo hawakuimba wimbo wa mfadhili.

Kufikia hapo tayari alikuwa Marekani. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Denver mwaka 1966, na mwaka 1968 akapata shahada ya uzamifu, tasnifu yake ikiwa ile riwaya ya The Wanderers. Alifundisha Chuo Kikuu cha Zambia hadi 1970, akarudi Denver, kisha mwaka 1974 akawa profesa wa Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kwao, maandishi yake yalikuwa yamepigwa marufuku. Tangu 1966 haikuruhusiwa hata kuyanukuu.

Mtu wa kawaida angesema amefika. Alikuwa na cheo, mshahara na heshima. Lakini Mphahlele aliteswa na jambo ambalo wahamishwa wengi hulijua. Wanafunzi wake walikuwa werevu na wasikivu, ila hawakuwa watu wa kwao. Alihisi kwamba anafundisha kuhusu jamii ambayo hakuwa tena sehemu yake, na kwamba hadithi zake zilikuwa zikikauka kwa kukosa udongo. Wenzake wa Drum walikuwa wakizikwa ugenini mmoja baada ya mwingine: Nakasa New York mwaka 1965, Matshikiza Lusaka mwaka 1968.

Juni 16, 1976, wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana, na polisi wakawamiminia risasi. Orlando, kitongoji alikofundisha Mphahlele, kilikuwa kitovu cha maandamano hayo. Elimu ya Kibantu aliyoionya nchi kuihusu mwaka 1952 ilikuwa imezaa matunda yake machungu. Mwezi uliofuata, kwa kibali maalumu, alizuru Afrika Kusini kwa mara ya kwanza baada ya miaka 19.

Agosti 1977 alirudi moja kwa moja. Alilitupa jina Ezekiel na kuanza kujiita Es'kia, kama lilivyotamkwa kwao. Uamuzi wake uliwagawanya marafiki zake. Wapiganaji na waandishi wengi walioko uhamishoni waliona kwamba kurudi wakati serikali ya kibaguzi ingali madarakani kulikuwa sawa na kuipa uhalali. Haukupita mwezi mmoja tangu arudi, Steve Biko akafia mikononi mwa polisi, Septemba 12, 1977.

Serikali nayo haikumlaki kwa maua. Chuo Kikuu cha Kaskazini, kilichokuwa cha Waafrika, kilitaka kumpa kiti cha uprofesa wa Kiingereza, lakini serikali ikakataa. Profesa kutoka Pennsylvania alikubali kazi ya ukaguzi wa shule katika eneo la Lebowa, akizunguka vijijini kutazama madarasa yasiyo na vitabu, mengine hayakutofautiana sana na lile alimosomea Maupaneng.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mphahlele alicheza kwao akafukuzwa, akatunzwa ugenini, kisha akarudi kucheza tena kwao bila kuahidiwa tuzo. Hapa ndipo ukubwa wake ulipo. Angeweza kubaki na kuihurumia nchi yake akiwa mbali. Aliamini kwamba mwalimu hufaa pale ambapo mwanafunzi yupo.

Mwaka 1979 alipokewa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kama mtafiti mwandamizi. Kazi yake ilikuwa kukusanya ushairi simulizi katika lugha za Kisotho cha Kaskazini, Kitsonga na Kivenda. Mtetezi wa Kiingereza wa mwaka 1963 alikuwa sasa ameketi tena miguuni pa wazee, kama alivyofanya utotoni kando ya moto, akirekodi maneno ya lugha alizozaliwa akizisikia.

Mwaka 1983 alianzisha na kuongoza idara ya fasihi ya Kiafrika katika chuo hicho, akiwa profesa wa kwanza mweusi chuoni humo. Miaka 15 awali, jijini Nairobi, Ngũgĩ, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba walikuwa wamedai kwamba fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo badala ya ile ya Uingereza. Mphahlele alilipanda wazo la namna hiyo katika ardhi ngumu zaidi, ndani ya chuo cha Wazungu na chini ya utawala wa kibaguzi. Alistaafu mwaka 1987.

Miaka hiyo hakuwacha kuandika. Alichapisha riwaya Chirundu mwaka 1979, mkusanyiko wa hadithi na mashairi The Unbroken Song mwaka 1981, na sehemu ya pili ya tawasifu yake, Afrika My Music, mwaka 1984. Katika insha zake alisisitiza falsafa aliyoiita utu wa Kiafrika: kwamba mtu ni mtu kwa sababu ya watu wengine, na kwamba elimu isiyojengwa juu ya msingi huo huzalisha wasomi wasio na kwao.

Ubaguzi wa rangi ulipoporomoka na Nelson Mandela kuchaguliwa rais mwaka 1994, Mphahlele alikuwa na umri wa miaka 74. Mwaka 1998 Mandela alimtunuku nishani ya Southern Cross, mojawapo ya heshima kuu za taifa wakati huo. Nchi iliyomwona hafai kuwafundisha watoto wa Orlando ilikiri kwamba alikuwa amewafundisha wazazi, watoto na wajukuu zao.

Aliishi miaka yake ya mwisho Lebowakgomo, katika jimbo la Limpopo, karibu na vilima alikochunga mifugo akiwa mtoto. Huko ndiko alikoagia dunia Oktoba 2008.

Kwa waandishi wanaochipuka, maisha ya Mphahlele yana fundisho lisilohitaji kutiwa chumvi. Hakungoja chumba, utulivu wala ruhusa ya serikali. Alichukua utanzu mfupi uliotosha muda aliokuwa nao, akaujaza watu aliowajua: dobi, mpika pombe, mjane, mtumishi wa nyumbani. Na kwa walimu, hasa wale wanaofundisha chini ya paa linalovuja kwa mshahara usiokidhi, aliacha ushahidi kwamba serikali yaweza kumpokonya mwalimu darasa, lakini haiwezi kumpokonya ualimu.